Maswali ya Wasomaji: Je, Mungu Humsikia Zaidi Mwenye Sauti Kubwa?

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka Mafinga, Tukuyu na Njombe. Waandishi wake hawajuani na kila mmoja ana shida yake, lakini wote wanauliza kwa namna fulani kama Mungu anawapokea jinsi walivyo, au kama anangoja kwanza wawe watu wa namna nyingine. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zote, kwa sababu aliyeiandika ameumizwa na watu waliodhani wanamsaidia.

Swali kutoka Mafinga

Kamwene Mchungaji. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha mbao. Nimelelewa katika Kanisa la Kilutheri, nikabatizwa na kupata kipaimara, na tangu mwaka jana nahudhuria maombi ya Jumatano usiku katika kikundi cha mtaani kwetu. Wenzangu wakiomba hupaza sauti, hulia, hutembea huku na huku, na wengine hunena kwa lugha. Mimi nikipiga magoti maneno huniishia. Hukaa kimya na moyoni huwa na amani, lakini machozi hayanijii. Kiongozi wetu ameniambia mara tatu kwamba nimefungwa na roho ya ububu. Mara ya mwisho waliniweka katikati, wakaniombea mpaka saa saba usiku, wakinitaka nipige kelele ili nifunguliwe. Nilipiga kelele ili waniache. Tangu siku hiyo siwezi kuomba hata nikiwa peke yangu chumbani. Je, Mungu anawapenda zaidi wenye moyo wa moto? Na hali yangu hii ni dhambi?

Jibu

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara nyingi, na sentensi iliyonichoma ni ile fupi, kwamba ulipiga kelele ili wakuache. Kati ya yote uliyoyafanya mbele za Mungu usiku ule, kelele hiyo peke yake ndiyo haikuwa ya kweli, na wala hukuitoa wewe kwa hiari, bali ulikamuliwa. Sishangai kwamba tangu hapo maombi yamekuwa mazito kwako, kwa maana mtu akishalazimishwa kuigiza mahali patakatifu, kila arudipo pale hujihisi yuko jukwaani. Kwa hiyo nakujibu swali la mwisho kwanza, na nalijibu bila kuzungukazunguka: hapana, hali yako si dhambi, na ukimya wako haujakufunga.

Fungua kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya kwanza. Hana, mke wa Elkana, alikwenda Shilo akiwa na uchungu wa kukosa mtoto, akaomba moyoni mwake, midomo ikichezacheza na sauti isisikike. Kuhani Eli alikuwa ameketi pale pale akimtazama kinywa, akaamua kwamba mwanamke huyu amelewa, akamkemea. Jibu la Hana natamani kila aliyewahi kukemewa kwa ajili ya ukimya wake alijue kwa moyo: “nimeimimina roho yangu mbele za BWANA.” Kwa macho ya kuhani hapakuwa na kitu, kumbe pale ndipo palipokuwa na maombi mazito kuliko yote yaliyosikika Shilo mwaka ule. Eli, kwa sifa yake, hakung'ang'ania kosa lake. Aliposikia maelezo aligeuka, akambariki, akamwambia aende kwa amani. Namwombea kiongozi wako neema hiyo hiyo ya kugeuka.

Hata hivyo, usichukue habari ya Hana ukaifanya fimbo ya kuwapigia wanaopaza sauti. Biblia hiyo hiyo ina Daudi, aliyecheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, mfalme mzima akirukaruka barabarani, na mkewe Mikali akamdharau moyoni alipomwona kutoka dirishani. Ukizisoma habari hizi mbili pamoja utaona kwamba Eli alimhukumu mtu wa kimya na Mikali akamhukumu mtu wa kelele, na wote wawili walikosea kwa sababu moja: walitazama mwili unafanya nini, wakadhani wameshaona moyo. Wenzako wa Jumatano wanaolia kwa sauti, wengi wao wanalia kweli, na Mungu huyapokea machozi yao. Kosa lilianza pale njia yao ilipogeuzwa kuwa kipimo cha kila mtu. Mtume Paulo anawauliza Wakorintho, “wote wanena kwa lugha?” na swali hilo ameliweka katika orodha ambayo jibu la kila kipengele chake ni hapana.

Sasa nikueleze jambo nililoliona mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi kuliko masomo ya chuo.

Miaka mingi iliyopita niliitwa kwenye msiba katika kijiji kimoja cha Rungwe. Kijana alikuwa amefariki kwa ajali ya barabarani, akaacha dada wawili waliozaliwa tumbo moja. Mdogo alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta, hana hata nguvu ya kuinua kichwa. Mkubwa alikuwa na daftari la michango mkononi, akihesabu debe za mchele, akiuliza kuni zimefika ngapi, akiwaelekeza vijana mahali pa kufunga turubai kabla mvua haijaongezeka. Nilisikia kina mama wakinong'ona kwamba huyu mkubwa ana moyo mgumu, kwamba hajamwaga hata chozi moja tangu maiti ifike. Yapata saa nane usiku nilitoka nje, nikamkuta nyuma ya jiko, amechuchumaa chini ya upenu, tochi ya simu ameibana kati ya bega na shavu. Mkononi alikuwa na gambuti za marehemu, zile alizokuwa akivaa kwenda kuchuma chai, akizitoa tope kwa kijiti, ufa mmoja baada ya mwingine. Aliponiona alisema tu, “Mchungaji, siwezi kumzika viatu vyake vikiwa na tope.” Nilikuwa nimeandaa maneno ya faraja kwa ajili ya dada hao wawili, maneno yale yale kwa wote. Nikayaacha. Nilichukua ile simu nikamshikia mwanga mpaka akamaliza, kisha nikaingia ndani nikaketi mkekani karibu na mdogo wake, nisiseme neno.

Asubuhi yake, nikitafuta somo la mazishi, nilifungua Injili ya Yohana sura ya 11 na nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma miaka yote bila kukiona. Lazaro amekufa, Yesu amechelewa siku nne. Martha anaposikia kwamba Bwana anakuja, anatoka kwenda kumlaki njiani. Mariamu anabaki nyumbani. Hao ndio wale wale wa Luka sura ya 10, mmoja akihangaika na utumishi na mwingine ameketi miguuni pa Bwana, na msiba haukuwabadilisha tabia. Kila mmoja anapomfikia Yesu kwa wakati wake, anatamka maneno yale yale kabisa: “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Malalamiko ni mamoja, lakini angalia Bwana anavyojibu. Kwa Martha anazungumza. Anamwambia ndugu yake atafufuka, Martha anajibu kwa mafundisho anayoyajua juu ya siku ya mwisho, na Yesu anampandisha hatua nyingine mpaka kwenye “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima,” kisha anamwuliza kama anayasadiki hayo. Mwanamke huyu wa masufuria anatoa ungamo ambalo linasimama sawa na lile la Petro. Kwa Mariamu, Yesu hafundishi chochote. Anamwona akilia, anauliza wamemweka wapi, na yeye mwenyewe analia machozi.

Binti yangu, ningekuwa na nafasi ya kukuachia jambo moja tu katika barua hii, ningekuachia hilo. Bwana hakuwa na faraja moja iliyokatwa kwa kipimo kimoja. Aliyehitaji kufikiri alipewa neno la kufikiri, aliyehitaji mtu wa kulia naye alipata wa kulia naye, na baada ya hapo alikwenda kwenye kaburi lile lile moja kwa ajili ya wote wawili. Hakumpenda Mariamu zaidi kwa sababu ya machozi yake, wala Martha pungufu kwa sababu macho yake yalikuwa makavu. Yohana ameandika kwamba Yesu aliwapenda Martha, na umbu lake, na Lazaro, tena Martha ndiye aliyetajwa wa kwanza.

Jambo unalolipitia si geni hata katika historia ya makanisa yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Walutheri wa Misheni ya Berlin walianza kazi katika nchi ya Wanyakyusa, ambako baadaye walienea hadi kwa Wakinga, Wabena na Wahehe. Nyuma ya makanisa hayo yote kuna uamsho wa Ujerumani wa karne ya 17 na ya 18, na ndani ya uamsho huo ulikuwapo ubishi unaofanana sana na wa mtaani kwenu. Katika mji wa Halle walifundisha kwamba mtu akiongoka sharti apitie mapambano makali ya toba, yenye uchungu na machozi, na asiyekuwa na habari hiyo ya kusimulia wokovu wake ulitiliwa shaka. Mtawala kijana aitwaye Zinzendorf, ambaye alisomeshwa huko Halle akiwa mtoto, alimpenda Yesu tangu utotoni na hakuwa na mapambano ya namna hiyo ya kuyasimulia. Alipokuja kuwa kiongozi wa Wamoravian waliokimbilia katika ardhi yake huko Herrnhut, alikataa kabisa kwamba Mwokozi anamleta kila mtu kwa njia moja. Kanisa lililopeleka wajumbe wake mpaka chini ya mlima Rungwe liliongozwa na mtu ambaye naye aliwahi kuonekana kuwa na wokovu wenye upungufu kwa sababu hakulia inavyotakiwa.

Lakini sitaki kukupa faraja nusu. Mtu mkimya naye ana mahali pa kujificha. Kuna ukimya wa Hana, na kuna ukimya wa mtu anayeona jambo baya likitendeka na kujiambia kwamba yeye si msemaji. Timotheo inaonekana alikuwa mtu wa kujirudisha nyuma, na Paulo hakumwambia abadilike awe kama yeye Paulo, ila alimkumbusha kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Upole wako ni wa Mungu. Woga ukija ukavaa nguo za upole huo, mvue. Na hapa ndipo penye kazi yako. Nakushauri umwendee yule kiongozi mchana, ukiwa na mama mmoja wa kanisani unayemwamini, umweleze kwa heshima kwamba usiku ule ulipiga kelele kwa sababu ulichoka, na kwamba hutakubali tena kuwekwa katikati. Sauti yako inaweza kuwa ndogo, inatosha. Akikusikiliza kama Eli alivyomsikiliza Hana, endelea na kikundi. Asipokusikiliza, acha maombi ya Jumatano na usihesabu kwamba umemwacha Mungu, kisha mweleze mchungaji wa usharika wako yaliyotokea.

Kuhusu kuomba peke yako, usijilazimishe kutafuta maneno kwa sasa. Soma zaburi moja asubuhi kabla hujaenda kazini, polepole, kisha ukae dakika chache. Yakija maneno, yaseme. Yasipokuja, kumbuka Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, nawe ulipokuwa ukipiga magoti kimya na kuona amani, nadhani hicho ndicho kilichokuwa kikitendeka.

Swali kutoka Tukuyu

Mchungaji, salaam katika jina la Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa, mkulima wa ndizi na chai. Nina hasira za karibu na ninasema ukweli bila kupaka mafuta. Nilipohudhuria semina ya ndoa tuliambiwa kuna haiba nne, na mimi nikaonekana ni koleriki, mtu wa uongozi. Nilifurahi kwa sababu nilielewa kumbe Mungu ndivyo alivyoniumba, hata Petro alikuwa hivyo. Mke wangu hakufurahi. Amenisihi nikuandikie na nikutajie kwamba watoto wetu huzima redio wanaposikia pikipiki yangu inapanda kilima. Je, si kweli kwamba Mungu hutumia watu wakali?

Jibu

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa kuandika hata hilo la redio, kwa maana ungeweza kuliacha.

Nianze na hizo haiba nne. Mgawanyo huo haukutoka katika Maandiko. Ulitokana na uganga wa Wayunani, ukaenezwa na tabibu Galen, mzaliwa wa Pergamo, mji ule ule ambao kanisa lake liliandikiwa barua katika Ufunuo sura ya pili. Waliamini kwamba tabia ya mtu inatokana na uwiano wa majimaji manne mwilini: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na neno koleriki maana yake ni mtu aliyezidiwa na nyongo ya njano. Tiba ya leo imeyaacha hayo. Majina yamebaki, na yanaweza kumsaidia mtu kujitazama kama kwenye kioo, wala siwalaumu wanaoyatumia katika semina. Lakini kioo humwonyesha mtu matope usoni ili akanawe.

Ndiyo, Mungu hutumia watu wakali. Alimtumia Petro, na ukali wa Petro ndio uliochomoa upanga bustanini ukakata sikio la Malko, mtumwa wa Kuhani Mkuu. Angalia Bwana alifanya nini: alimwamuru arudishe upanga, na kwa habari ya Luka, akaligusa sikio akaliponya. Aliyeumizwa na ukali wa mwanafunzi alishughulikiwa kabla ya mwanafunzi mwenyewe. Petro alishughulikiwa baadaye, kando ya ziwa, mbele ya moto wa makaa kama ule aliomkania, na akaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Hakuulizwa kama ni shujaa. Yesu hakumnyang'anya ule wepesi wa kusema, kwani siku ya Pentekoste kinywa kile kile ndicho kilichosimama mbele ya Yerusalemu. Ila kwanza kilipitishwa kwenye machozi.

Kuna mfano mwingine unaoweza kukufaa. Mwaka 1530, wafuasi wa matengenezo ya Kanisa walipotakiwa kueleza imani yao mbele ya Kaisari huko Augsburg, Martin Luther hakuweza kwenda kwa sababu alikuwa chini ya hukumu ya dola, na kazi ya kuandika ikamwangukia rafiki yake Philipp Melanchthon, mtu mpole na mwenye wasiwasi mwingi. Luther aliposoma rasimu aliipenda, akakiri katika barua kwamba yeye mwenyewe hawezi kukanyaga taratibu namna hiyo. Ungamo la Augsburg, ambalo makanisa ya Kilutheri yanalishika hadi leo, liliandikwa na yule mpole. Luther hakuona haya kusema kwamba mwenzake ana kitu ambacho yeye hana, nami nashangaa kama wewe umewahi kumwambia mkeo neno la namna hiyo.

Tunda la Roho katika Wagalatia 5 lina upole na kiasi ndani yake, na halikuandikwa kwa ajili ya wale waliozaliwa wapole. Paulo hakusema kuna matunda, kila mtu achukue linalofanana naye. Amesema tunda, moja, na kwako wewe upole utakuja kwa shida kuliko ujasiri, kama ambavyo kwa yule binti wa Mafinga niliyemjibu hapo juu ujasiri utakuja kwa shida kuliko upole. Mtu hatambui kazi ya Roho katika jambo ambalo angelifanya hata bila Roho.

Nakuomba leo jioni ufanye hivi. Zima pikipiki chini ya kilima, uisukume mpaka nyumbani. Ukifika na ukakuta redio inalia, keti uisikilize pamoja nao. Ukikuta imeshazimwa, iwashe wewe.

Swali kutoka Njombe

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mkatoliki. Tangu ujana nimekuwa mtu wa huzuni. Katika jumuiya yetu tunaambiwa Mkristo hutambulika kwa furaha, nami nikiimba aleluya najiona mnafiki. Mwaka huu imezidi. Usingizi umenikimbia, chakula sikitaki, na miezi hii ya baridi naamka nikiona siku imeshanishinda kabla haijaanza. Je, imani yangu imekufa?

Jibu

Milele amina, Mwalimu. Imani iliyokufa haiandiki barua kuuliza kama iko hai.

Kitabu cha Zaburi kina zaburi ya 150 inayotaka matoazi yavumayo sana, na kina zaburi ya 88 ambayo inaanza na kilio na inaisha gizani, bila hata mstari mmoja wa mwisho wa kuigeuza kuwa shangwe. Walioikusanya hawakuiondoa wala hawakuiongezea aleluya mwishoni. Imewekwa pale kuwa sala ya kweli ya mtu anayemwamini Mungu, na wewe unayo haki ya kuisali. Ukifika mahali pa kuimba aleluya na sauti ikakwama, waache wenzako wakuimbie. Ndiyo maana tunasali kama jumuiya.

Ila nimeona katika barua yako mambo mawili, na sipendi uyachanganye. Tabia ya huzuni uliyo nayo tangu ujana ni moja, nayo Mungu ameitumia kwa manabii wengi, Yeremia akiwa mmoja wao. Kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na kuamka ukiwa umeshindwa ni jambo la pili, na linaweza kuwa ni ugonjwa wa sonona, ambao una matibabu. Eliya, siku chache baada ya moto wa Karmeli, alilala chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumjibu kwa mahubiri. Alimtuma malaika amguse na kumwambia, “Inuka, ule,” na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa akala tena, na ile sauti ndogo, ya utulivu, aliisikia Horebu baada ya siku arobaini. Mwili ulitunzwa kwanza.

Kwa hiyo nenda hospitali wiki hii, usingoje likizo ya shule. Mweleze daktari mambo matatu uliyonieleza mimi, la usingizi, la chakula na la asubuhi, kwa maneno hayo hayo, na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Ukijiona unaanza kuwaza kama Eliya alivyowaza chini ya mti ule, usilale peke yako usiku huo. Mwambie mtu wa nyumbani au paroko wako saa hiyo hiyo. Kisha niandikie umeambiwa nini. Barua yako nitaisoma kabla ya nyingine zote.